Nafuu ya Kodi na Moto wa Nyika: Nani Astahili Kutuzwa?

Katika baadhi ya nchi zenye mali nyingi umezuka utaratibu wa kumpunguzia kodi mwenye nyumba anayeikinga nyumba yake na moto wa nyika. Katika jimbo la Colorado nchini Marekani, mathalani, sheria imempa nafuu ya kodi ya mapato mwenye nyumba aliyetumia fedha zake kufyeka vichaka na kupunguza miti iliyo karibu na kuta. Hoja yao si dhaifu. Moto ulioteketeza mji wa Paradise, California, mwaka 2018 uliua watu 85 na kuunguza majengo zaidi ya 18,000. Serikali inayosamehe fedha kidogo kabla ya janga huenda ikaokoa nyingi baada yake.

Je, utaratibu huo ungefaa katika kata ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa? Maoni yetu ni kwamba msingi wake wafaa, ila umbo lake halifai. Ili kuona sababu, yatupasa kwanza kuuelewa moto, kisha kuielewa kodi.

Jinsi nyumba ishikavyo moto

Mvua zikishakatika, nyasi za misitu ya miombo ya Ruangwa na Nachingwea huanza kukauka, na moto huonekana porini hadi mwezi wa Novemba. Aghalabu moto huo huwashwa na binadamu: mkulima anayesafisha shamba la ufuta, mwindaji, mrina asali, au mpita njia asiyezima alichowasha.

Wengi hudhani kwamba nyumba huungua kwa kuwa ndimi za moto zimeifikia. Jack Cohen, aliyekuwa mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alionyesha kwamba hatima ya nyumba huamuliwa hasa na hali ya nyumba yenyewe pamoja na eneo linaloizunguka kwa umbali wa meta 30 hivi. Joto linalosafiri kwa mnururisho hupungua upesi kadiri umbali unavyozidi. Cheche, kwa upande wake, hupeperushwa na upepo, zikavuka uwanja na kutua penye kitu kikavu. Paa la nyasi ni kuni zilizokwisha kukaushwa na kupangwa. Cheche moja yatosha. Nyumba ya bati nayo haina salama iwapo mabua ya ufuta yameegemezwa ukutani. Na ikiwa ndani mmewekwa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, hatari huzidi, kwa sababu salfa hushika moto kwa urahisi na moshi wake huunguza mapafu.

Desturi ya kufagia uwanja mpaka udongo ubaki mtupu ni usafi, tena ni kinga, kwani moto wa nyasi haupiti pasipo na nyasi. Lakini uwanja mmoja hauwezi kuzuia cheche zitokazo kwenye pori la jirani. Hapo ndipo panapohitajika kazi ya wengi: kufyeka barabara za moto kuzunguka vitongoji na mashamba, na kuchoma mapema kwa uangalifu. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi bado zina unyevu, ndimi ni fupi, na watu wachache wenye matawi mabichi waweza kuzizima. Ifikapo Septemba na Oktoba, nyasi hizo hizo huwaka kwa nguvu ya kuua miche na kuunguza mikorosho wakati mavuno yanapokaribia.

Kodi ipi ipunguzwe?

Sasa tuitazame kodi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nchini Tanzania hukatwa mwananchi anaponunua umeme, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipandishwa kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Sheria imeziondolea kodi hiyo nyumba za tope na za nyasi zinazotumika kwa makazi. Jambo hilo ni la haki. Lakini maana yake ni kwamba nafuu ya kodi ya majengo ingemfikia mwenye nyumba ya matofali na bati, ilhali mwenye paa la nyasi, aliye katika hatari kubwa kuliko wote, asingepata hata senti. Asiyetozwa hawezi kusamehewa.

Hata hivyo, mtu huyo hachangii hazina bure. Akiuza korosho au ufuta kwa njia ya stakabadhi ghalani, ushuru wa mazao huingia katika halmashauri ya wilaya. Ingawa mnunuzi ndiye anayeulipa, uzito wake humwangukia mkulima kupitia bei. Tuchukue mfano wa kukadiria: mkulima auzaye kilo 1,000 za korosho kwa shilingi 2,000 kila kilo hupata shilingi 2,000,000. Ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 60,000, yaani zaidi ya mara tatu ya kodi ya nyumba ya kawaida ya mjini.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba halmashauri irudishe sehemu ya ushuru huo, tuseme sehemu moja ya kumi, kwa kijiji kilichokamilisha barabara zake za moto kabla ya tarehe iliyokubaliwa. Kwa wakulima 300 wa mfano wetu, kijiji kingepata shilingi 1,800,000, na mkutano mkuu wa kijiji ungeamua zitumike kwa mabati ya wazee wasiojiweza au kwa zana za kuzimia moto.

Watakuwapo watakaosema kwamba halmashauri itapungukiwa. Na wajiulize: mkorosho uliokufa kwa moto hulipa ushuru gani, na mche mpya utangoja miaka mingapi kabla ya kuzaa? Wengine watasema kwamba mtu hapaswi kutuzwa kwa kutimiza wajibu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tayari ina adhabu kwa wachomaji ovyo. Lakini aliyewasha moto huwa ameondoka zamani, ushahidi umebaki majivu. Barabara ya moto, kinyume chake, huonekana na hupimika kwa futikamba.

Kazi ya shule

Lipo swali moja ambalo shule za sekondari zaweza kulijibu: tarehe hiyo iwe ipi? Kila juma kuanzia Mei, wanafunzi na wakate gramu 100 za nyasi mahali pale pale, wazianike juani mpaka uzito usipungue tena, kisha wapime. Uzito uliopotea ni unyevu. Wakichora grafu kwa miaka miwili au mitatu, wataona ni juma gani nyasi za kwao huacha kuwa mbichi na kuanza kuwa hatari. Grafu hiyo na ipelekwe mbele ya serikali ya kijiji na diwani, ili tarehe ya ukaguzi ipangwe kwa kipimo, wala si kwa mazoea.