MTOTO WA MFANYA KAZI NAYE ASOME NG'AMBO

Ndugu Wanachama wa Meru na Embu,

Kila matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotoka, swali moja hurudi katika mikutano ya matawi yetu: je, yafaa mzazi mwenye mshahara mdogo amtafutie mwanawe masomo ya ng'ambo, au hiyo ni anasa ya wakubwa? Sisi twasema yafaa, lakini kwa masharti. Twaomba kila mwanachama asome maneno haya mpaka mwisho, kwa kuwa yanahusu mtoto wake na shamba lake pia.

Wengi hudhani kwamba masomo ya ng'ambo hayahusu vyama vya wafanya kazi. Sivyo. Tom Mboya alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya alipokwenda Uingereza mwaka 1955, akasoma mwaka mmoja katika Ruskin College huko Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanya kazi. Aliporudi hakukaa na faida hiyo peke yake. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani, na mpaka mwaka 1963 waliokwenda kwa mpango huo walikuwa mamia. Wakati ule nafasi za Makerere zilikuwa chache mno. Tena Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, na mtu wa Embu au wa Meru, kama ndugu yake Mkikuyu, hakuweza kutembea ovyo bila pasi. Hata hivyo wazazi walikunywa chai pamoja, wakachanga shilingi mbili tatu, na kijana akapata msaada wa safari yake.

Matunda yake tumeyaona. Wangari Maathai wa Nyeri alikwenda Kansas mwaka 1960, akarudi, akapanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Jeremiah Nyagah wa Embu alisoma Makerere na Oxford, akarudi, na mwaka 1958 akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mĩcere Gĩthae Mũgo alizaliwa Baricho mwaka 1942, wakati Kirinyaga ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Embu. Alisoma mpaka shahada ya udaktari huko Canada, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hawa wote hawakuwa watoto wa magavana.

Mtu aweza kutuuliza: siku hizi tunavyo vyuo vikuu vyetu, vya nini kwenda mbali? Ni kweli. Chuka na Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Twajivunia vyuo hivyo, na mtoto apatapo nafasi nzuri hapo asiidharau. Lakini kuna elimu ambayo haipatikani kwa kukaa nyumbani, nayo ni elimu ya kujua wanunuzi wetu wanavyofikiri na sheria zao zinavyotungwa.

Tazameni miraa. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014. Maamuzi yale yalifanywa katika miji ambayo mkulima wa Igembe hajapata kuiona, kwa lugha ya sheria na ya sayansi, na siku ya pili bei ilianguka Maua. Wachumaji, wafungaji na madereva walikosa kazi. Vivyo hivyo maharagwe machanga yanayopelekwa Ulaya hukataliwa kwa sababu ya kipimo kidogo cha dawa ya wadudu, na kahawa yetu huonjwa na kupewa daraja na watu wengine. Tungekuwa na wanasheria, wakemia na wafanya biashara wengi waliosoma huko huko, wenye kujua mlango wa kubisha, pengine tungesikilizwa mapema zaidi. Asiyejua anakouza hupangiwa bei na anayejua.

Faida nyingine inatuhusu sisi wa vyama kwa karibu sana. Huko Ujerumani uko mpango wa mafunzo ya kazi uitwao Ausbildung. Kijana hujifunza uuguzi, ufundi wa umeme au kazi ya hoteli, sehemu darasani na sehemu kazini, naye hulipwa mshahara wa mwanafunzi kwa mkataba ulioandikwa. Aweza hata kujiunga na chama cha wafanya kazi, kama vile ver.di, angali mwanafunzi. Jambo linalotakiwa kwanza ni lugha: Kijerumani cha daraja la B1 au B2, na hicho chaweza kusomwa hapa Kenya kabla ya kuondoka. Kwa mtoto wa mchuma chai wa Rukuriri au wa mfagiaji wa hospitali ya Meru, njia hiyo yaweza kuwa karibu kuliko ile ya kulipa karo ya mamilioni.

Sasa tuseme masharti.

Sharti la kwanza ni hesabu. Vyuo vikuu vingi vya serikali huko Ujerumani havitozi karo, lakini mwanafunzi huonyesha fedha za kuishi. Mwaka 2024 kiwango kiliwekwa euro 11,904 kwa mwaka mmoja. Uingereza, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa kigeni hawaruhusiwi kuja na mke, mume au watoto, na wa shahada hawaruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayemwambia mzazi kwamba mtoto atajilipia karo kwa vibarua huyo anamdanganya.

Sharti la pili ni kujihadhari na mawakala. Tumewaona wazazi wakiuza kiwanja na kung'oa mashina ya chai ili walipe mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja na kalenda ukutani. Hata mahali penye muhuri wa serikali ya kaunti pasiaminiwe bila kuuliza: mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai fedha walizolipia mpango wa masomo wa Finland na Canada. Kwa hiyo mzazi asitoe hata senti kabla chuo chenyewe hakijajibu barua kwa jina lake. Na misaada ya kweli ya masomo, kama ile ya Jumuiya ya Madola iliyoanzishwa mwaka 1959, au ya DAAD ya Ujerumani, haiuzwi na wakala yeyote.

Sharti la tatu ni kurudi, na hapa lazima tuseme ukweli. Wazee hulalamika ya kuwa watoto wakienda hawarudi. Lakini tuwaulize, warudi kwenye nini? Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na jambo kubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanafunzi na kupangiwa kazi. Mĩcere Mũgo mwenyewe alirudi kwa hiari yake, kisha mwaka 1982 akalazimika kuikimbia nchi. Si kila asiyerudi amewasahau wazee wake. Anayetaka mwanawe arudi kuwa mwuguzi Chogoria au mwalimu Siakago, basi asimame nasi kudai mshahara wa haki hapa nyumbani. Kudai mshahara huo na kumrudisha mtoto ni kazi moja.

Na wale wanaobaki huko nao hawakupotea. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walileta nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Fedha hizo zimelipa karo na dawa katika nyumba nyingi za wanachama wetu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu katika mikutano ya matawi. Kila tawi lichague watu watatu, mmoja wao mwalimu, wa kutafuta habari za misaada ya masomo na kuzisoma mbele ya wanachama wote, si kwa wakubwa tu. Wanachama waombe Sacco zao ziweke mkopo wa masomo wenye riba ndogo, ili mzazi asiuze shamba. Na mtu asilipe wakala kabla kamati haijaziona karatasi zake.

Mkono mmoja haulei mwana. Mwaka 1959 wafanya kazi maskini waliijaza ndege. Sisi wenye simu mfukoni na vyuo vikuu karibu tutasema tumeshindwa kwa sababu gani?

Umoja ni nguvu.