Jirani, Usiku Umeingia



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalilalamikia jikoni na bombani, lakini hatujui tulipeleke wapi: kelele za jirani usiku. Nitaanza na yaliyonipata mimi mwenyewe hapa Bukoba, maana safari hii aliyepewa somo ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, juma la mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba. Hatua kama arobaini kutoka dirishani kwetu ipo grosari ya mama mmoja mjane. Ijumaa hiyo alikuwa ameleta spika mbili mpya, ndefu kama kabati. Saa tatu usiku mabati ya nyumba yetu yalikuwa yakitetemeka. Saa tano mtoto mdogo akaamka analia. Saa sita nikaingia chumbani kwa binti yangu mtahiniwa, nikamkuta amejifunika mto kichwani, vitabu viko chini, machozi yanamtoka. Baba watoto alikuwa safarini Mwanza. Nikachukua simu nikapiga polisi.

Polisi walikuja, tena hawakuchelewa sana. Gari likasimama, muziki ukashuka, wakasema na yule mama maneno machache, wakaondoka. Nikamshukuru Mungu, nikapanda kitandani. Hazikupita dakika ishirini muziki ukarudi pale pale. Nikapiga simu mara ya pili. Askari aliyepokea akaniuliza kwa upole, "Mama, mwenyekiti wako wa mtaa anasemaje?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemwambia mwenyekiti. Hata yule mama mwenyewe sikuwa nimemwambia.

Asubuhi tulipokutana bombani, nilimsalimu. Hakuitikia.

Polisi wanaweza nini?

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee ambaye sisi sote tunamwita tata. Nilimlalamikia polisi zaidi kuliko nilivyomlalamikia jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma kwa mtendaji wa kata nikaelezwe vizuri. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nawapeni kama nilivyoyapokea.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kero kwa umma kuwa kosa. Kwa hiyo polisi wanayo haki ya kuja, kuamuru sauti ipunguzwe, na hata kumpeleka mtu mbele ya sheria. Lakini ili shauri lisimame lazima awepo mlalamikaji anayekubali kuandika jina lake, wawepo mashahidi, na ionekane kwamba walioudhiwa ni wengi, siyo nyumba moja. Mama anayepiga simu usiku wa manane na kusema, "Msinitaje," anamwachia askari kazi moja tu: kuonya na kuondoka. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Iko pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kanuni hizo zimeweka mipaka ya sauti, na ya usiku ni midogo kuliko ya mchana. Sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Jirani zetu ng'ambo ya Mutukula, katika kanuni za Uganda za mwaka 2003, waliweka desibeli 35 kwa nyumba za makazi wakati wa usiku, yaani kupita mnong'ono kidogo tu. Askari wa doria huja na masikio yake. Wanaohusika na vipimo ni maafisa mazingira wa halmashauri na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mwaka 2022 Baraza hilo lilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe kwa sababu ya kelele. Tena leseni za biashara hutolewa na halmashauri. Mwenye grosari anaweza kulizoea gari la polisi, lakini leseni yake hataki kuichezea.

Ngazi zenyewe ni hizi. Mjini Bukoba tunaanza na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, kisha mtendaji wa kata, ambako siku hizi mara nyingi yupo na polisi kata, halafu afisa mazingira wa Manispaa. Kwa ndugu zetu wa vijijini Muleba, ni mwenyekiti wa kitongoji, kisha mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha kata. Lipo pia baraza la kata, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, ambalo kazi yake kubwa ni kuwapatanisha watu.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilikumbuka Mathayo 18, kuanzia mstari wa 15. Bwana wetu alituagiza kwenda kwanza kwa aliyetukosea, sisi na yeye peke yetu. Asiposikia, twende na mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo jambo lipelekwe mbele ya wote. Mimi nilikuwa nimeanzia juu kabisa ya ngazi, nikashangaa kuona nimeanguka.

Siku tuliyokwenda kwake

Jioni moja nilikwenda kwake na akina mama wawili wa mtaa, kabla wateja hawajaanza kuja. Tulimkuta anaosha chupa. Alitukaribisha viti, akatuletea maji, akakaa kimya. Nikamweleza habari ya mtihani wa binti yangu na usingizi wa mtoto. Nikamwomba radhi kwa kuita polisi kabla ya kusema naye.

Akina mama, jibu lake sitalisahau. Alisema, "Mama, wewe muziki wangu umeupeleka polisi. Mikesha yenu ya kila mwisho wa mwezi, mimi nimeipeleka kwa nani?"

Kanisa letu liko nyuma ya nyumba yake. Vipaza sauti tumevifunga juu ya mlango, vimeelekea nje, ili Neno liwafikie walio mbali. Tunaimba na kuomba tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Akatuambia kwamba mwezi wa Juni mtoto wake wa mwisho aliugua malaria, na usiku wa mkesha alikaa naye mapajani mpaka kulipokucha, kila akisinzia anashtushwa na kinanda. Hakupiga simu popote. Alisema aliogopa kuambiwa anapigana na Mungu.

Hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na la kusema. Mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine pia. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ile ya Jumamosi tetemeko la ardhi lilipoipiga Bukoba, nilikuwa nimetoka kidogo, na binti yangu wa miaka minne alikuwa amelala ndani. Aliyeingia na kumtoa, huku ukuta wa sebule unapasuka, ni mama huyu huyu. Grosari hakuwa nayo bado. Na binti aliyembeba siku ile ndiye huyu wa darasa la saba.

Basi tukakubaliana. Yeye atashusha sauti kila siku ifikapo saa nne usiku, na spika zitaelekea ndani. Sisi tukapeleka jambo hilo kwenye kikao cha umoja wa akina mama, kisha kwa mchungaji. Halikupita kirahisi. Mzee mmoja alisema tunataka kuzima injili. Mama mmoja akamjibu kwamba Mungu anasikia hata anayeomba moyoni, kama Hana, mama yake Samweli, ambaye midomo yake ilicheza bila sauti kutoka. Vipaza sauti vya nje vikashushwa. Siku hizi mkesha wetu baada ya saa nne ni wa sauti za vinywa vyetu tu, milango imefungwa. Mwenyekiti aliyaandika makubaliano hayo kwenye daftari la mtaa, sisi na yule mama tukatia saini.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kimenyooka. Sikukuu ya mwaka mpya muziki ulipanda tena hadi usiku mkubwa, nasi tulikwenda kwa mtendaji. Lakini safari hiyo tulikuwa na karatasi yenye saini, tulikuwa nyumba saba, na polisi kata alipokuja alijua la kuuliza. Sauti ilishuka na haikurudi.

Kwa wasomaji wa Muleba

Huenda mama wa kijijini akasema haya ni matatizo ya mjini, maana kwao nyumba zimeachana, kila moja katikati ya migomba yake. Hata hivyo usiku ukitulia sauti huvuka bonde zima. Kilabu cha rubisi, muziki wa harusi na spika za kukodi msibani hufika kitandani kwa mgonjwa aliye mbali. Msafara wa harusi unapopita na matarumbeta karibu na hospitali, iwe Rubya au Ndolage, ni vizuri kukumbuka kwamba ndani yupo mama aliyejifungua jana.

Desturi yetu ya zamani ya kuwaarifu majirani kabla ya sherehe ni dawa nzuri. Jirani aliyearifiwa na kualikwa huvumilia usiku mmoja kwa moyo mweupe. Na kama kero ni ya kila juma, mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, ndipo mahali pa kulisema. Kijiji kinaweza kupendekeza sheria ndogo ya saa za muziki na kuipeleka halmashauri ili ithibitishwe. Akina mama, tusikae nyuma ya mkutano huo tukinong'ona. Tusimame tuseme.

Kelele isiyongojea kikao

Iko sauti moja ambayo ngazi hizi haziihusu. Mama mmoja wa kikundi chetu alipiga yowe usiku mmoja, grosari ikiwa katika muziki wake, na sisi majirani hatukusikia kitu. Kesho yake tulimkuta jicho limevimba na mkono hauinuki. Wapo pia waliosikia vilio vya namna hiyo siku nyingine, muziki ukiwa umezimwa, wakasema ni mambo ya ndani ya watu.

Wazazi wetu walitufundisha kwamba yowe la usiku haliachwi bila kuitikiwa. Ukisikia mtu anapigwa au mtoto analia kwa maumivu, usitafute mwenyekiti kwanza wala usimfuate mpigaji peke yako. Ita majirani, na piga polisi namba 112. Kwa habari za mtoto iko namba 116, ambayo haina malipo. Kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Ni ajabu tukiita gari la polisi kwa ajili ya redio, na kwa ajili ya mama anayepigwa tukavuta shuka.

Ya kushika

Kwanza, nenda kwa jirani mchana, wakati hana hasira wala wateja. Usiende usiku ukiwa umevaa khanga ya kulalia na maneno makali.

Pili, ikishindikana, rudi na wawili au watatu, na yaandikeni mtakayokubaliana.

Tatu, andika tarehe na saa za kelele kwenye daftari. Mstari mmoja kila usiku unatosha. Daftari hilo litasema vizuri kuliko hasira yako.

Nne, kwa mwenyekiti na mtendaji nendeni mkiwa nyumba kadhaa. Mkifika polisi, toeni majina, andikisheni taarifa na ombeni namba ya RB. Taarifa hailipiwi.

Tano, kabla ya yote hayo, toka nje usiku mmoja usimame kwenye ua wa jirani yako, usikilize nyumba yako mwenyewe: redio yako, mlango wako, sauti yako unapowaita watoto, na kanisa lako.

Mithali sura ya 27 ina maneno mawili juu ya jirani. Katika mstari wa 10 tunafundishwa kumthamini jirani wa karibu, maana ndugu wa mbali hatafika kwa wakati. Na mstari wa 14 unatuonya kwamba hata baraka, ukimpigia mwenzako kwa kelele kabla hakujapambazuka, ataipokea kama laana. Nimeusoma mstari huo miaka mingi bila kujua kwamba unanihusu.

Binti yangu alifanya mtihani wake. Jioni ya siku ya pili, mama wa grosari alimletea ndizi mbivu kwenye kikapu, akamwambia, "Mwanangu, pole na kazi." Tangu siku hiyo tunasalimiana bombani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni kelele gani katika mtaa au kijiji chetu inayowaumiza watoto, wagonjwa na wanaosoma? Nani amekwisha kwenda kusema na mhusika?

2. Majirani wa kanisa letu wasio waumini wangesema nini juu yetu kama wangeulizwa?

3. Yowe likipigwa usiku wa leo, tumepatana nani atatoka na nani atapiga simu?