Motokaa na Dereva: Klachi Ishikapo Mahali Pasipofaa

Msomaji wetu mmoja, mwenye Volkswagen kuukuu ya mgongo wa mviringo, ametuandikia kwa masikitiko. Asema kwamba alipokuwa akipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, injini ilinguruma kwa nguvu lakini gari halikuongeza mwendo, na harufu ya kitu kiunguacho ikajaa ndani. Fundi aliyemwendea, bila hata kuinama, alimwambia kwamba sahani ya klachi imekwisha na lazima injini ishushwe. Auliza kama yampasa kulipa fedha hizo.

Bwana, usilipe bado. Huenda fundi huyo amesema kweli, lakini hakupima.

Kwanza yafaa kujua kazi ya klachi. Baina ya injini na giaboksi kuna sahani iliyovikwa kitambaa kigumu, nayo hubanwa kwa springi juu ya gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedali, waya huvuta mkono, mkono husukuma beringi, na beringi hulegeza zile springi; hapo sahani huwa huru, nawe waweza kuingiza gia. Ukiinua mguu, sahani hubanwa tena na gari likaondoka.

Sasa, pedali ikiwa juu kabisa, beringi ile haipasi kugusa kitu. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mwendo wa pedali ni lazima iwe nyepesi, isiyofanya kazi yo yote, nayo mafundi huiita mchezo. Sahani inapolika, springi hurudi nyuma kidogo kidogo na kuisogelea beringi, na mchezo hupungua hata ukaisha. Ndipo beringi huegemea springi mchana kutwa kana kwamba dereva amekanyaga klachi nusu. Sahani huteleza, huungua, na mlimani dereva huachwa na injini ipigayo kelele bure. Mchezo ukizidi, taabu ni nyingine: pedali hufika chini kabla sahani haijaachiliwa, na gia hulia kama mawe yasagwayo.

Chukua rula, uisimamishe kando ya pedali. Bonyeza kwa mkono, wala si kwa mguu, hata uhisi uzito unaanza, kisha soma kipimo. Kwa Volkswagen hiyo mchezo uwe milimita 10 hadi 20, yaani kama upana wa kidole. Magari mengine yana vipimo vyao, na kitabu cha gari ndicho kiaminiwe kuliko maneno ya gereji.

Ikiwa hakuna mchezo, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, inua gari upande wa kushoto nyuma, na uliegemeze juu ya kitu imara; jeki peke yake isikudanganye, watu wamepondwa. Ondoa gurudumu. Kando ya giaboksi utaona mwisho wa waya wa klachi, na juu yake nati yenye masikio mawili. Shika ncha ya waya kwa koleo isizunguke, kisha legeza nati ili mchezo uongezeke, au ikaze ili upungue. Zungusha nusu mzunguko tu kila mara, na hakikisha sehemu zilizotokeza za nati zimekaa katika vishimo vyake, kwa maana nati isiyokaa hujifungua yenyewe njiani. Kanyaga pedali mara kadhaa, upime tena. Penye nati mbili, ya pili ni ya kufungia, usiisahau.

Wako madereva watakao klachi ishike juu au chini kwa kupendezwa na mguu wao tu. Hayo si matengenezo. Weka mchezo kwa kipimo, kisha mguu ujizoeze.

Baada ya hapo, jaribu. Injini ikizunguka polepole, kanyaga klachi, ngoja kama sekunde tano, ingiza gia ya nyuma. Ikiingia kimya, sahani inaachia vyema. Kisha nenda barabara tambarare, tia gia ya juu, ukanyage mafuta: sauti ya injini ikipanda na mwendo usipande, klachi ingali inateleza.

Wenye magari mapya wasitafute nati hii. Mengi hutumia mafuta badala ya waya, na klachi zake hujirekebisha zenyewe. Pedali ikilegea humo, tazama kwanza kama mafuta yamepungua au hewa imeingia. Lakini kosa moja ni letu sote, nalo ni kupumzisha mguu juu ya pedali safarini. Mguu huo huondoa mchezo wote uliopima kwa rula.

Gari la namna ya hilo la msomaji wetu lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954 na tena 1962, basi si mlima wa Limuru utakaolishinda. Akirekebisha mchezo na klachi iteleze bado, hapo fundi alipwe, lakini mwenye gari aombe kuonyeshwa sahani ya zamani. Ikiwa kitambaa kimelika hata misumari yake yagusa chuma, imekwisha kweli. Ikiwa imelowa mafuta, mpira uzuiao mafuta nyuma ya injini nao ubadilishwe siku iyo hiyo, maadamu injini imekwisha kushushwa.