Mdoli umefungiwa kabatini, halafu tunashangaa



Najua nimepotea. Nilikuwa fildi mkoani Singida wiki nane, nimerudi kampasi juzi na kuku wawili wa kienyeji (washaliwa, msije mkagonga mlango). Nimewakuta mnazozana kuhusu bumu. Endeleeni. Mimi leo nina ugomvi mwingine: namna tunavyofundishwa kazi.

Wiki ya tatu nilikuwa zamu ya usiku leba, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, maana shida hii si yake peke yake. Saa tisa usiku mama mmoja akajifungua mtoto wa kiume. Kimya. Halii, kalegea kama kitambaa kilicholowa. Wakunga walikuwa wawili na wote wameshikwa na mama, anatoka damu. Mmoja akanikabidhi mtoto: "Daktari, shika huyu."

Nikamshika. Basi. Elimu yangu yote iliishia hapo.

Jamani, mimi kwenye OSCE nilifanya vizuri, mnanijua. Ukiniuliza dakika ya dhahabu ni nini, nakutajia bila kuvuta pumzi: mkaushe mtoto, msugue mgongo, asipopumua mpe hewa kwa ambubegi kabla dakika moja haijaisha. Iko kwenye desa, hadi ukurasa naukumbuka. Ila usiku ule mikono iligoma. Ambubegi iko mbele yangu, naitafuta. Nimeipata, barakoa nimeiweka upande, hewa inavujia shavuni, kifua hakiinuki. Yule mkunga, mtu mzima wa kumwita mama, akamwachia mwenzake kazi, akanisogeza kwa bega. "Mwanangu, kichwa kwanza." Akakiweka sawa, akainua kidevu kidogo, akakaza barakoa, akaminya. Kifua kikainuka. Akaminya tena na tena, na mtoto akalia.

Asubuhi nilimfuata kumshukuru. Hakunisema. Aliniuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho ulifanya lini?"

Nikahesabu. Mara moja, mwaka jana. Tulikuwa wanafunzi kumi na tano tumeuzunguka mdoli mmoja, kila mtu kapewa muda wa kupiga chafya. Baada ya hapo mdoli ukarudi kabatini, kufuli, ufunguo anao mtu ambaye ofisini humkuti. Sababu? "Usije ukaharibika." Sasa mdoli mzima, mpya, na daktari mtarajiwa asiyejua kushika barakoa, kipi kimeharibika hapo?

Msidhani ni hasira zangu tu. Ngoja niwape kisa cha jirani. Ukitoka Mkalama, kwetu Singida, ukavuka mpaka wa mkoa kuingia Mbulu huko Manyara, unaikuta Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, haya haya ya mdoli na ambubegi. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye, kwenye mdoli, waliofaulu zoezi la kumpa mtoto hewa walikuwa asilimia 74, wakati kabla ya mafunzo walikuwa asilimia 18. Makofi! Ila watafiti, Hege Ersdal na wenzake, hawakuishia kwenye makofi. Waliangalia pia kinachofanyika leba kwa watoto wa kweli. Huko huduma haikuwa imebadilika. Matokeo hayo yalichapishwa 2013.

Soma tena taratibu: mtihani wamefaulu, kazini mambo ni yale yale. Si ndo sisi hao?

Hapo ndipo nawavulia kofia. Wangeweza kuitisha semina nyingine. Badala yake, kuanzia 2011 mdoli ukawekwa pale pale kazini, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Estomih Mduma na wenzake walilinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hospitali ile ile, mdoli ule ule. Kilichobadilika ni ratiba na mahali.

Najua kuna mjuaji atasema hiyo ni hospitali moja, kabla na baada, haitoshi kuthibitisha. Sawa kabisa. Ndiyo maana walikwenda mbali zaidi: hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Shinyanga, Geita na Mwanza. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, pamoja na vifaa bora. Matokeo yalitoka 2025: vifo vya watoto wanaozaliwa wafu au kufa mapema vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Tazama ramani. Manyara huku, Tabora kule, Shinyanga juu. Singida iko katikati na haikuwemo kwenye ile mitano. Tulipakana na dawa.

Sasa nasikia utetezi. "Wanafunzi ni wengi, walimu wachache." Kweli, ndo maana nazungumzia dakika tano, sijaomba mhula mzima. Mwanafunzi wa mwaka wa tano anaweza kumsimamia wa mwaka wa tatu. "Daktari anatakiwa ajue kufikiri, si ufundi wa mikono." Mtoto asiyepumua hasubiri ufikirie. Na nyie mnaopenda semina za ukumbini, siku moja, chai, picha ya pamoja na posho: sisemi mafunzo ni mabaya, nasema siku moja bila marudio ni picha ya pamoja tu.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Nani kati yetu amewahi kwenda kuudai ule ufunguo? Tunadai desa, tunadai maswali ya miaka iliyopita, tukifaulu tunashukuru Mungu hatukusapu. Tumejifunza kumridhisha msahihishaji. Yeye usiku wa manane leba hayupo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kabati lifunguliwe, mdoli ukae mahali tunapopita kila siku, na daftari la kusaini nani amefanya na lini. Pili, kabla hatujapelekwa fildi, mtu apimwe kwa mazoezi ya wiki nyingi, si kwa bahati ya siku moja ya OSCE. Ukiharibika mdoli, tutachanga kwenye bumu tununue mwingine. Mimi natoa wa kwanza.

Jumatatu saa nne nakwenda ofisini kudai ufunguo. Nikikuta mlango umefungwa, nitakaa pale nje. Anayekuja aje na kiti chake.

Nawasilisha.