BIMA YA KAMPUNI AU MFUKO WA WOTE?

Ndugu wafanyakazi,

Wako wenzetu hapa Kisumu wasemao, "Heri bima ya kampuni kuliko mfuko wa Serikali." Neno hili tulipime.

Bima ya kampuni ni biashara. Ina kikomo cha fedha kila mwaka, na mzee hutozwa zaidi ya kijana. Kama ni tajiri anayekulipia, siku ukiachishwa kazi bima nayo imekwisha. Na mvuvi wa Dunga au mama wa soko la Kibuye ataipata wapi?

Mfuko wa Serikali, SHA, ulianza kazi Oktoba 1, 2024, mahali pa NHIF iliyoundwa 1966. Hukata 2.75 kwa mia ya mshahara. Mwenye 20,000 hutoa shilingi 550. Mwenye 200,000 hutoa 5,500. Hiyo ndiyo haki: mwenye nguvu amsaidie mnyonge.

Lakini kuna kasoro. Mwajiri hukata mshahara wetu tu. Yeye mwenyewe halazimiki kuchanga hata senti. Tena mfuko bila dawa hospitalini ni jina tu. Mwaka 2018 Kisumu iliwekwa katika kaunti nne za kujaribu matibabu bila malipo. Majaribio yakakoma, malipo yakarudi.

Basi tusiikimbie "Russia", hospitali yetu iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Chama kidai mambo mawili: mwajiri naye achange, na hospitali zilipwe upesi ili dawa ziwepo. Haki haiji kwa kunung'unika nyumbani. Njooni mkutanoni!