Kizuri Hakijiuzi

Kuna sentensi inayozunguka Mwanza nzima bila kulipa nauli: "Kama una kipaji cha kweli, utatoka tu." Anaambiwa kijana anayetunga mashairi Butimba, anaambiwa binti anayebuni mitindo ya nguo Igogo. Wazee nao wana ya kwao, ya zamani zaidi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana ni ileile. Mwenye uwezo hahitaji kushikwa mkono, na aliyekwama basi hakuwa nao. Mimi nasema huu ni uongo, tena ni uongo unaotufaa sisi wasemaji, maana unatufutia deni.

Methali hiyo hata sokoni haina mshiko. Mtazame mama muuza sato pale soko la Mkuyuni. Samaki wake ni mzuri, katoka ziwani usiku uleule. Lakini mama haketi akingoja samaki ajiuze. Anafunua matamvua uone wekundu, anabonyeza ubavu uone nyama inavyorudi, ananyunyiza maji, anakuita: "Baba, njoo, wa leo huyu!" Asipofanya hivyo, ikifika jioni sato wake mzuri ataoza sawasawa na mbaya. Hakuna anayemcheka kwamba anajitembeza. Iweje mwandishi, mchoraji au mtunzi wa nyimbo ndiye tumtake akae kimya, ati ubora utamtangaza?

Ushahidi mzito zaidi uko ng'ambo ya maji, Ukerewe, mwendo wa saa chache kwa meli. Huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka: ndoa isiyo na mtoto, ugomvi wa wakwe, kilimo, uvuvi, dawa na pombe, maisha mazima ya kisiwa kabla hayajageuzwa na ukoloni. Kazi ya uwezo mkubwa, wala sijui msomaji aliyeisoma akasema vinginevyo. Je, ilijiuza? Mchapishaji wa kutoa kitabu cha Kikerewe hakupatikana. Muswada ukalala. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe na kumhimiza mzee autafsiri kwa Kiswahili. Akautafsiri mwenyewe. Tanzania Publishing House ikautoa kwa tarehe ya mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, nakala za kitabu chake zikiwa bado hazijamfikia mikononi.

Tunapenda kusema mvumilivu hula mbivu. Huyu alivumilia kuliko sisi sote, na mbivu hakuila.

Sasa mweke kando ya Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa hichohicho, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, mwenyewe hajatimiza miaka 30. Kipaji chake hakuna wa kukibishia. Lakini yeye alipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kwa Kiswahili, na wakati huo kulikuwa na East African Literature Bureau, taasisi iliyokuwa ikitafuta miswada ya aina hiyo. Wakerewe wawili, vipaji viwili, kisiwa kimoja. Mmoja alikuta mlango uko wazi, mwingine alikuta ukuta. Anayesema tofauti yao ilikuwa ukubwa wa kipaji aje atuoneshe kipimo alichotumia.

Najua jibu linalonisubiri: "Mbona fulani katoka bila msaada wa mtu?" Hapo ndipo hesabu zetu zinapotupotosha. Tunawahesabu waliotoka, kisha tunatangaza kwamba vipaji hutoka. Waliokwama hatuwahesabu kwa sababu hatuwajui, na hatuwajui kwa sababu walikwama. Kama akina Hartwig wangekwenda kufanya utafiti kisiwa kingine, leo ningekuwa naandika kwamba Ukerewe ilizaa mwandishi mmoja tu, na hakuna ambaye angenisahihisha.

Wazee wa Usukuma walilijua hili kabla yetu. Hawakuuachia ubora wa ngoma ujitangaze wenyewe. Walikuwa na Wagika na Wagalu, pande mbili za ushindani zilizotoka kwa mafundi wawili wa ngoma na dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande hizo zilipangiana siku na uwanja, zikacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta umati ndiye aliyeshinda. Manju alijua atapimwa wapi, lini na nani. Padri David Clement wa Bujora, kule Kisesa, aliukuta utaratibu huo akaupa nafasi katika sikukuu ya Bulabo, na mpaka leo Juni ikifika watu wanajaa. Vipaji vya ngoma vya Usukuma vinajulikana kwa sababu viliwekewa uwanja.

Na sisi tumeweka nini? Hapa Mkuyuni, kando ya Barabara ya Kenyatta, nilimtazama kijana akichora uso wa mwanamke kwenye mlango wa saluni. Alipiga mistari ya chaki, akaanza na jicho la kushoto, na kabla hajagusa la kulia wapita njia walikuwa wamesimama. Mwenye saluni akatikisa kichwa kwa furaha: "Mdogo wangu, una kipaji, utatoka tu." Kisha akaomba apunguziwe elfu tano.

Hiyo ndiyo kazi ya sentensi hii mitaani. Ni sifa inayotolewa mahali pa malipo.

Sisemi juhudi haina maana. Bila juhudi Kitereza asingekuwa na muswada wa kutafsiri. Nasema juhudi ni nusu ya mtu mmoja, na nusu ya pili ni yetu. Serikali ilipoanzisha Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2022, miswada ililetwa kutoka kila upande wa nchi. Vipaji hivyo havikuzaliwa mwaka huo. Vilikuwepo makabatini, vikisubiri pa kupelekwa.

Basi tuifute sentensi hiyo vinywani. Ofisi ya kata inaweza kutoa ukuta mmoja uchorwe na jina la mchoraji liandikwe chini. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kumpa mwanafunzi tangazo la tuzo, amsaidie na kuchapa. Mwenye saluni anaweza kulipa bei aliyotajiwa. Na wewe unayesoma, ukikutana na mwenye kipaji, usimwambie atatoka. Nunua kazi yake, litaje jina lake, mpeleke kwa mwenye ufunguo. Kama huwezi hata moja kati ya hayo, angalau usimdanganye.