Kabla ya kulaumu mtandao, hamisha ruta

Mkongo wa baharini wa TEAMS ulitua Mombasa mwaka 2009, lakini hapa kwangu Likoni mwenye nyumba hataki waya wala ukuta kutobolewa. Nikanunua ruta ya kutia laini ya simu. Wiki ya kwanza, programu ya mteja ilikatikia njiani mara tatu. Nusura niipoteze kazi. Kumbe ruta nilikuwa nimeificha nyuma ya kabati, na kuta nene za mawe hudhoofisha mawimbi! Nikaipandisha dirishani, upande wa mnara, nikaiwekea betri kwa siku za stima kupotea. Sasa natulia. Maoni yangu: usikimbilie bando kubwa, kwanza pima kila dirisha, asubuhi na usiku. Nanyi wa Kisauni na Changamwe, mwafanyaje?